Uji wa Mke wa Mtuhumiwa

Inspekta Inosenti alifika Karatu asubuhi akiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na kabla hajapewa hata kiti akaambiwa kwamba kesi imekwisha. Aliyemwambia hivyo ni Sajini Raphaeli, mkuu wa kituo, mtu mnene mwenye haraka za kumaliza mambo. Mtuhumiwa yuko ndani, sumu imepatikana, mashahidi wapo, na gari la kumpeleka Arusha litakuja kesho. Inosenti alikuwa ameshaona kesi nyingi zilizokwisha namna hiyo. Zaidi ya nusu yake zilikuwa hazijaanza.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mdenmaki mmoja aitwaye Henning, mwalimu wa useremala huko kwao, alikuwa anatembea Tanzania wakati wa likizo yake na kulala kwenye kambi ya wageni hapo Karatu. Juzi alikwenda Ngorongoro na dereva wa kambi, kijana wa Kimasai aitwaye Tobiko. Walirudi jioni. Mgeni akakaa mezani, akaandaliwa chakula na mpishi Josephati, na haukupita muda akaanza kutapika na kuhara mpaka akazimia. Wakambeba hadi hospitali ya misheni. Jana Sajini Raphaeli alikwenda jikoni kwa Josephati, akakuta kopo la sumu ya panya nyuma ya gunia la mkaa. Tena wafanyakazi wawili wa kambi walimsikia mpishi akisema, mchana wa siku hiyo hiyo, kwamba mzungu huyu leo lazima ashindwe.

"Unataka nini tena, afande?" Raphaeli aliuliza. "Nyota?"

Inosenti alisema anataka kumwona mgonjwa kwanza. Mgonjwa akipona, Josephati ana kesi ya kujaribu kuua, nayo ni miaka. Akifa, ni kitanzi. Kila mtu pale kituoni alilijua hilo, na Josephati kule ndani alilijua kuliko wote.

Hospitali ilikuwa mwendo mfupi kwa miguu. Sista Lusia, muuguzi mkuu, alimpokea mlangoni mwa wodi ya wanaume akiwa amekunja mikono ya gauni lake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alieleza kwamba maji yote yamemtoka mgonjwa, kwamba daktari amemwekea dripu, na kwamba figo zake ndizo zinazowatia hofu. Sumu gani? Hajui. Vipimo vimepelekwa Arusha, na Arusha nako vitangoja zamu. Kumrusha Nairobi hakuwezekani, kwa kuwa mpaka wa Kenya umefungwa. Kwa hiyo wanatibu wanachokiona, basi, na wakijua alichokunywa au alichokula watajua pa kukazana na pa kuacha.

Inosenti aliuliza kama inaweza kuwa sumu ya panya. Sista akasema ameshaona watu waliokunywa sumu ya panya, Mungu awarehemu, na huyu hafanani nao sana. Lakini yeye si maabara.

Henning alikuwa amelala kitanda cha mwisho, miguu imepita ukingo, maana vitanda vile havikutengenezwa kwa watu wa urefu wake. Uso ulikuwa wa kijivu. Wagonjwa wengine walizungukwa na jamaa, huyu anapewa ugali, yule anafutwa jasho, na wote walikuwa wakimtazama kwa huruma mtu aliyeugua mbali na kwao, hana hata shangazi wa kumshikia beseni. Inosenti alivuta kigoda, akamuuliza kwa Kiingereza alikula nini juzi.

Alikuwa shahidi mgumu, na ugumu wake ulikuwa wa aina mpya. Kila kitu kwake kilikuwa kizuri. Mkate na nyama alivyofungiwa na Josephati kwa chakula cha mchana vilikuwa vizuri. Maziwa aliyonyweshwa bomani kwa mama yake Tobiko yalikuwa mazuri. Chakula cha jioni hakukimaliza, na hilo aliliombea radhi mara mbili, amwambie mpishi asione vibaya. Hakujua kwamba mpishi yuko mahabusu. Hakuna aliyemwambia, na Inosenti naye hakumwambia.

Sista Lusia alileta kikombe cha dawa chungu. Henning alikinywa mpaka tone la mwisho, akatikisa kichwa kushukuru, akasema "nzuri sana", maneno ambayo pamoja na "asante" ndiyo yaliyokuwa Kiswahili chake chote.

"Huyu ukimpa kitu anamaliza," Sista alisema walipotoka nje. "Jana nilimpa maji ya chumvi asukutue mdomo. Akayanywa yote, akanishukuru."

Inosenti alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Nyuma ya wodi kulikuwa na banda la kupikia, mahali jamaa za wagonjwa huwasha mafiga. Mwanamke mmoja alikuwa akikoroga uji wa ulezi kwenye sufuria ndogo. Sista alisema uji ule ni wa Mdenmaki. Inosenti akauliza ni nani huyo mwenye moyo wa kumpikia mgeni. Sista akamtazama kama anayengoja kuona atafanyaje, akamwambia ni Germana, mke wa Josephati.

Inosenti alikwenda akasimama karibu na sufuria. Katika kazi yake alikuwa ameona wake wa watuhumiwa wakilia, wakitukana, wakileta kuku kituoni. Hakuwahi kuona mmoja akimlisha aliyedhurika. Kwa akili ya kipolisi jambo hilo lilikuwa na sura mbili, na moja ilikuwa mbaya mno. Alimuuliza Germana waziwazi anamtilia nini mgonjwa.

Germana alichota uji kwa mwiko, akanywa mwenyewe, akameza, ndipo akajibu.

"Huyu akifa, mume wangu atanyongwa. Sasa niambie, baba, hapa Karatu nani ana haja apone kuliko mimi?"

Sista Lusia alisema ndivyo wanavyofanya kila mara, mama anaonja mbele yake, ndipo mgonjwa anapewa. Inosenti alichuchumaa karibu na mafiga. Alimuuliza Germana kuhusu mume wake na kambi, naye akamweleza huku anapuliza moto. Tobiko ni kama ndugu yao, amekula nyumbani kwao tangu alipoanza kazi, na jana tu alikuja kumpa pole. Alimpikia ugali na mlenda, akala, akakaa kimya muda mrefu, akaondoka. Alikuwa na huzuni sana, Germana alisema, kuliko hata yeye.

Kituoni, Josephati aliletwa mbele ya meza. Alikuwa mtu wa makamo, mweupe wa nywele, mwenye mikono iliyokauka kwa majivu. Inosenti aliweka kopo la sumu ya panya mezani, akamwambia alifungue. Josephati alijaribu kwa kidole, kisha kwa kucha, kisha akaomba kisu. Kifuniko kilikuwa kimeshikana na kutu tangu enzi na dahari. Sajini Raphaeli aligeuka akatazama dirishani. Ilikuwa wazi kwamba yeye hakujaribu kulifungua.

Halafu yale maneno ya kwamba mzungu lazima ashindwe. Josephati aliyakiri bila kusita, na alipoyaeleza ilionekana yalikuwa yamemkera kweli. Yeye amepikia wageni miaka mingi, na kwao mgeni akishiba huacha kidogo kwenye sahani, ndipo mpishi anajua. Sahani ikirudi nyeupe maana yake mgeni bado ana njaa, na hiyo ni aibu ya mwenye nyumba. Huyu Mdenmaki kila siku sahani ilirudi nyeupe. Josephati akaongeza. Ikarudi nyeupe. Akaongeza tena, mpaka mtu anatoka jasho lakini bado anamaliza na kusema nzuri sana. Siku ile alikuwa ameapa kumpikia mpaka aache hata kiazi kimoja.

"Na aliacha?"

"Aliacha sahani nzima, afande. Alikuja mezani ameshika tumbo. Alishakwenda msalani kabla hajakaa. Nikamwambia mke wangu, huyu hajashindwa na mimi, kuna kilichomshinda huko alikotoka."

Inosenti aliuliza kama ana hakika kuhusu msalani. Josephati alisema ndiye aliyemwashia taa. Hapo ndipo palikuwa na jambo, kwa sababu maelezo ya Tobiko kwa Sajini yalisema mgeni alirudi mzima, mwenye furaha, na hakulalamika lolote mpaka alipokula. Wawili hao hawawezi kuwa wakweli wote. Mmoja yuko ndani na hana la kuficha tena, mwingine yuko nje na amekula ugali wa mwenzake akiwa kimya.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya kwenda kwa mama yake Tobiko ilikuwa ndefu. Inosenti alimwita kijana, mrefu, mwenye koti la kambi na masikio yaliyotobolewa, akamwambia anataka kuona boma walilopita na mgeni. Tobiko alisema njia imeharibika. Akasema petroli ni shida. Akasema mama yake ni mzee na hana jipya. Inosenti alikubali yote hayo kisha akampa ufunguo wa Landrova ya polisi aendeshe.

Kabla ya kutoka mjini walisimama penye banda la nyama. Inosenti hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, na yeye ni mtu wa Rombo, mbavu za ng'ombe ana haki nazo. Alinunua za wawili. Tobiko hakugusa. Alipoulizwa alisema nyumbani atakunywa maziwa. Inosenti alisema hata yeye atayanywa, nyama na maziwa vyote ni vya ng'ombe mmoja. Tobiko alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Walipita lango la hifadhi, wakapanda mlima ndani ya ukungu, mpaka bonde lote la kreta likabaki nyuma yao.

Njiani Inosenti alikuwa akipanga mambo kichwani. Dawa chungu imekwisha. Maji ya kusukutua yamekwisha. Sahani zote zimekwisha. Huyu ni mtu aliyefundishwa kwao kwamba kubakiza ni kumtukana aliyekupa. Basi alimaliza nini tena siku ile, ambacho mtu mwenye akili angeonja tu akarudisha? Na kwa nini Tobiko anaendesha kama anayepeleka maiti?

Boma lilikuwa juu ya Nainokanoka, penye upepo na majani mafupi. Mama yake Tobiko, Naishorua, alitoka kwenye nyumba ya udongo akiwa amejitanda shuka mbili kwa baridi. Inosenti alimsalimu kwa neno la Kimasai alilolijua, takwenya, naye akaitikia iko, akamtazama vizuri na kumkaribisha. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na cha pole. Waliketi kwenye ngozi. Inosenti hakuuliza habari ya mzungu wala sumu. Alisema ametoka mbali, ana kiu, na amesikia maziwa ya nyumba hii yanasifiwa.

"Maziwa hakuna," Tobiko alisema haraka. "Ndama wamenyonya yote."

Naishorua alimgeukia mwanawe kwa mshangao, maana vibuyu vilikuwa vimening'inia ukutani mbele ya macho yao. Hakubishana naye. Alimgeukia mgeni.

"Umekula nini leo, baba?"

Inosenti alisema amekula nyama. Mama alitikisa kichwa, akainuka bila haraka, akaenda upande wa kitanda. Hakuchukua kibuyu cha maziwa. Alirudi na kingine, kidogo, kilichozibwa kwa ngozi, akamwekea mkononi. Kilitoa harufu ya magome na uchungu. Inosenti alikiinua kuelekea mdomoni, taratibu, huku akimtazama Tobiko.

Tobiko alikiacha kifike kwenye midomo. Kisha akakinyakua, kikamwagika magotini mwao wote wawili.

"Usinywe, afande. Ndicho alichokunywa."

Inosenti alijipangusa suruali. Sauti yake ilikuwa ile ile aliyoulizia habari ya msalani. Alimwambia Tobiko aseme sasa yote, na aseme polepole, na kila anachosema amweleze mama kwa Kimasai ili asije akasema amesingiziwa.

Mama ndiye aliyesema mengi. Nyama na maziwa, alieleza, havikutani ndani ya tumbo moja siku moja. Vikikutana ng'ombe ataugua kiwele. Vijana wa siku hizi wameanza kupuuza, lakini kwake hapana, ng'ombe wake ni wale wale. Mgeni yule mrefu alitaka maziwa. Alimuuliza amekula nini, naye akamwonyesha kwa ishara kwamba amekula nyama, akatoa hata mfupa kwenye mfuko wake wa karatasi. Basi akampa maji ya gome la mti wa ol-mukutan, kama alivyokuwa akiwapa wanawe, asafishe tumbo kwanza, atapike kidogo, apumzike, ndipo apewe maziwa. Ni funda moja tu. Naishorua alikunja kiganja kuonyesha funda moja lilivyo, na hata kiganja chake hakikujaa.

"Akamaliza kibuyu," alisema. "Nikanyoosha mkono anirudishie. Yeye akacheka, akanywa tena. Mgeni hanyang'anywi chombo mdomoni. Nilimwacha."

Alimpa maziwa baada ya hapo? Inosenti aliuliza. Alimpa, kwa sababu mgeni hakutapika pale pale, alikaa tu akitabasamu, na kumnyima ingekuwa vibaya. Tobiko siku hiyo alikuwa nje anaziba tairi. Aliporudi alikuta kibuyu kimelala kitupu, akajua.

"Ulijua, ukaandikisha kwa Sajini kwamba alirudi mzima."

Tobiko alikuwa anatazama ardhi. "Ni mama yangu, afande. Wangemchukua yeye."

"Wakamchukua Josephati."

"Josephati hana kosa. Nilidhani mtu asiye na kosa huachiwa."

Inosenti alikuwa na majibu kadhaa ya hilo, na mengine hayakuwa mazuri kwa idara yake. Hakutoa hata moja. Mama aliuliza wanasema nini kuhusu huyo Josephati, ni nani. Inosenti akasema taratibu, kwa Kiswahili chepesi, kwamba ni mpishi, kwamba yuko ndani kwa ajili ya kibuyu hiki, na kwamba mgeni akifa atakufa naye. Naishorua alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kipande cha gome, akakifunga kwenye pembe ya shuka, akasimama.

"Twende," alisema.

Mwanawe akamwambia kitu kwa Kimasai, kirefu, cha kusihi. Yeye alikuwa ameshatangulia. Alikwenda akapanda kwenye gari kiti cha mbele, akamwachia Tobiko wa nyuma.

Walifika hospitali jua likiwa bado juu ya vilima vya Endamarariek. Sista Lusia alilitwaa lile gome, akalivunja, akalinusa, akaenda nalo kwa daktari upesi. Alirudi akasema wameacha dawa moja na kuongeza maji, na kwamba mgonjwa amekojoa vizuri tangu adhuhuri. Kwa kauli ya Sista, hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote alizozitoa wiki ile. Inosenti alimtuma askari kwa Sajini Raphaeli na maagizo ya kufungua mlango. Jibu lilirudi kwa mdomo wa askari yule yule. Sajini anauliza, sasa wamweke nani? Inosenti akasema mwambie hakuna, akae na ufunguo wake.

Naishorua alisimama mbele ya kitanda cha Henning. Alimtazama miguu iliyopita ukingo, akamtemea mate kidogo kifuani, kama mtu amtakiavyo mtoto wake heri. Henning alimtambua, akajaribu kukaa. Kwa Kiingereza alimwambia Inosenti amshukuru mama. Amwambie kile kinywaji kilikuwa kikali, lakini kwao mtu humaliza alichopewa na mzee. Inosenti akamuuliza kwa nini hakukitaja asubuhi. Mtu wa watu akasema hakutaka kusengenya ukarimu wa mtu.

"Mpishi wako amelala mahabusu kwa adabu yako hiyo," Inosenti alimwambia.

Henning hakuelewa mara moja. Alipoelewa, uso wake wa kijivu ulibadilika, akafunika macho kwa mkono wenye dripu, na kwa mara ya kwanza hakusema kwamba kitu chochote ni kizuri.

Josephati aliingia akiwa hana viatu, shati limetoka nje. Germana alikuwa tayari yuko pale na sufuria. Hakumkimbilia mumewe. Alimtazama juu mpaka chini, akaona yuko mzima, akaanza kugawa uji kwenye vikombe vya bati vya hospitali, akionja kwanza kama alivyozoea, ingawa sasa hakuna aliyemtaka aonje. Alimpa mgonjwa. Henning alikunywa nusu, akasita, akamtazama Josephati, akarudisha kikombe na uji ndani yake. Josephati alikitazama kile kikombe, akageuka ukutani mabega yakimtikisika, na Inosenti hakuweza kujua kama analia au anacheka.

Germana akampa Naishorua, akiwa ameshaambiwa na Sista yeye ni nani. Walitazamana. Mama alipokea kwa mikono miwili. Germana akampa na mumewe. Akampa na Inspekta, ambaye hakupenda ulezi usio na sukari lakini alipokea.

Tobiko alikuwa amebaki mlangoni. Germana akajaza kikombe cha mwisho mpaka ukingoni, akavuka wodi nacho, akamfikia.

"Jana ulikula kwangu na ulikuwa unajua," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kunywa na leo."

Tobiko alikishika kikombe kwa vidole vyote. Uji ulikuwa wa moto na wodi nzima ilikuwa inatazama, hata wale wasiojua kisa. Alikunywa, akavuta pumzi, akanywa tena, macho yanamtoka machozi, na Germana amesimama mbele yake mikono amefunga kifuani. Mama yake alikuwa anaona. Josephati alikuwa anaona.

Alikunywa mpaka mwisho. Hakuna aliyemwambia basi, inatosha.